Saa za Mbege

Mbege nzuri, ile pombe ya Wachagga ya ndizi na ulezi, ina saa zake. Ikichanganywa jioni, usiku huo bado ni tamu na nzito, haijapishana sana na uji. Asubuhi imeamka: povu limepanda, utamu umepungua, ukali umeanza kusikika kooni. Mchana imefika pale mpishi alipoitaka. Kesho yake uchachu umeshika usukani, na mnywaji mgeni hukunja uso. Hakuna gesi iliyosukumwa ndani yake, hakuna kizibo, hakuna jokofu la kuisimamisha. Anayeipika hawezi kuiamuru isubiri. Anachoweza ni kujua itafika wapi na saa ngapi, kisha apange kazi inayopita wiki nzima, tangu mkungu unapokatwa, ili wanywaji wake waikute katika saa yake.

Ufundi wa namna hii haujionyeshi. Mpita njia huona pipa la plastiki, kata ya kibuyu na watu wamekaa kwenye benchi chini ya migomba, akasema ni pombe ya kienyeji, akaendelea na safari. Mimi nataka tukae pale benchi kwa muda, tuangalie kinachofanyika kabla kata haijajazwa.

Na kuna sababu ya kukaa sasa. Ladha za wanywaji zinahama. Katika baa za Moshi, Arusha, Dar es Salaam na Nairobi, kando ya bia tulizozizoea zimesimama chupa za saida, kileo cha tufaa, hasa kutoka Afrika Kusini: Hunter's, iliyoingia sokoni kwao mwaka 1988, na Savanna, iliyofuata mwaka 1996. Vijana wengi wanataka kinywaji kinachonukia tunda. Huko Marekani na Ulaya, watengenezaji wadogo wa bia walishindana kwa miaka mingi nani atazidisha uchungu wa hopsi. Siku hizi wengi wao wamegeukia bia chachu na bia za matunda. Wanatafuta namna ya kuweka tunda na nafaka, uchungu na uchachu, ndani ya glasi moja. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro vinne hivyo vilishakalishwa pamoja zamani, na aliyevikalisha ni mpika mbege.

Kila kitu huanzia kihambani. Kihamba ni shamba la nyumbani la Mchagga: juu miti mirefu, katikati migomba, chini yake kahawa, chini kabisa maharage, magimbi na majani ya ng'ombe, na pembeni mfongo, mfereji unaoleta maji kutoka mlimani. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutambua mfumo wa vihamba vya Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima. Samadi ya ng'ombe hurudi shinani mwa mgomba, na mgomba nao hulisha watu, hulisha ng'ombe, hulisha pipa la pombe.

Migomba ya kihamba haifanyi kazi moja. Mchare ni wa mtori. Kisukari huliwa mbivu. Zipo ndizi za kupikwa na nyama, na zipo za pombe, ambazo mwenye kihamba anazijua kwa shina na kwa mkungu hata kabla hazijakomaa. Mkungu hukatwa ukiwa umekomaa lakini ungali kijani, kisha ndizi huvundikwa: hufunikwa kwa majani makavu ya mgomba mahali penye joto. Hapo ndipo subira ya kwanza inapodaiwa. Ndizi mbichi imejaa wanga, na wanga hauchachuki wenyewe. Lazima sehemu yake kubwa igeuke sukari ndani ya ganda. Vijiji vya juu vyenye baridi husubiri zaidi, vya chini husubiri kidogo. Mpishi hahesabu siku. Huinua majani, hunusa, hubonyeza ndizi kwa kidole gumba. Ganda likianza kupata mabaka meusi na harufu ikijaa jikoni, hapo ndizi iko tayari. Akiharakisha, pombe yake itakosa nguvu, na hakuna hatua ya mbele itakayorudisha kilichokosekana hapa.

Kinachofuata ndicho kinachoitofautisha mbege na ndugu zake. Kagera wana lubisi, Rwanda wana urwagwa, Burundi wana urwarwa, Uganda wana tonto. Kote huko ndizi mbivu hukamuliwa mbichi, zikifikichwa kwa mikono au kukanyagwa pamoja na nyasi zinazosaidia juisi kuachana na nyama, halafu mtama uliokaangwa na kusagwa hutiwa ndani. Ni kazi ya nguvu na ya kupendeza, na juisi inayotoka ni safi ajabu. Mchagga alichukua njia nyingine. Yeye hupika. Ndizi zilizomenywa hutiwa maji ndani ya pipa la chuma au sufuria kubwa, zikachemka kwa saa nyingi, mpaka zile nyama zilizokuwa njano hafifu zigeuke nyekundu iliyokolea kuelekea kahawia. Rangi hiyo ndiyo saa ya mpishi. Moto ukizidi, ndizi hushika chini na kuungua, na harufu ya kuungua haitoki tena hata ungefanya nini. Ukipungua, rangi haikolei na ladha inabaki bapa. Kwa hiyo mtu hukaa na mwiko mrefu, akikoroga, akivuta kuni nje na kuzirudisha, tangu asubuhi hadi jua linapoegemea.

Zikishapoa, ndizi hizo na maji yake huhamishiwa kwenye pipa na kufunikwa. Sasa zinaitwa nyalu. Hamira haikununuliwa dukani; inatoka hewani, kwenye chombo, kwenye mabaki ya pombe iliyotangulia. Kwa siku tatu hadi wiki hivi, nyalu huchemka bila moto.

Nilikaa katika jiko la mama mmoja wa Uru, kule Kilimanjaro, aliyekuwa na nyalu ya siku kadhaa kwenye pipa la kona. Hakuifunua kuniridhisha. Aliinama, akaweka sikio ubavuni mwa pipa, kisha akanipisha na mimi nisikilize. Ndani kulikuwa na sauti ndogo ndogo, za haraka, zikipasuka bila kupumzika.

"Mama, utajuaje kwamba imetosha?"

"Isikilize, mwanangu. Ikiwa inapiga kelele, bado ina sukari ya kula. Ikianza kunyamaza, iwahi. Ukiiacha inyamaze kabisa, umepika siki."

Mwalimu wa kemia angehitaji ubao mzima kueleza jambo hilo: hamira inakula sukari na kutoa kileo na hewa ya kaboni, sukari ikiisha, bakteria wa uchachu wanapata nafasi, hewa ikiingia, kileo kinaelekea kuwa siki. Mama yule alikuwa na sentensi nne na sikio, na alikuwa sahihi katika zote.

Huku nyalu ikiendelea, kazi ya pili inakwenda sambamba, nayo ni ya nafaka. Ulezi husafishwa, hulowekwa, hutandazwa na kufunikwa uote. Baada ya siku mbili tatu, kila punje imetoa mzizi mweupe mwembamba, na punje zimeshikana kiasi kwamba ukiinua moja zinainuka nyingi. Hapo huanikwa juani, hukauka, hupelekwa kusagwa. Hicho ndicho kimea.

Kutazama ulezi unavyooteshwa ni kujifunza unyenyekevu. Ukipungua maji, punje hazioti sawasawa. Yakizidi, ukungu unaingia, na harufu yake itakwenda mpaka kwenye kata. Ukiuanika mapema, kimea kinakosa nguvu. Ukichelewa, chipukizi limeshakula akiba iliyokuwa ndani ya punje. Mpishi mzuri hupitisha mkono chini ya majani kupima joto, kwa sababu ulezi unaoota hutoa joto lake wenyewe, na joto likizidi huutandaza upya.

Kwa nini kuhangaika hivi wakati ndizi ina sukari yake tayari? Hili ndilo swali linaloifungua mbege. Mtengeneza saida ana tufaa, na tufaa lina sukari. Analisaga, analikamua, juisi inachachuka. Mtengeneza bia ana shayiri, na shayiri ina wanga. Lazima aioteshe kwanza ili punje itoe vimeng'enya vya kuvunja wanga uwe sukari. Hizo ni njia mbili tofauti, na sehemu nyingi za dunia mtu huchagua moja. Mpika mbege anazifuata zote mbili kwa wakati mmoja na kuzikutanisha siku ya mwisho. Kutoka kwenye ndizi anapata kileo kilichokwisha kuanza, rangi, na harufu ya tunda lililoiva. Kutoka kwenye ulezi anapata mwili wa kinywaji, ule uzito unaomfanya mnywaji ashibe, pamoja na sukari mpya itakayowasha uchachukaji mara ya pili na kupandisha povu.

Unga wa kimea hupikwa uji unaoitwa mso. Unga hukorogwa kwanza katika maji baridi, halafu moto unapanda polepole. Polepole hapa ina maana yake. Vimeng'enya vya kimea hufanya kazi vizuri maji yakiwa ya moto bila kuchemka, yakichemka, vinakufa. Kwa hiyo kuna kipindi, kati ya uvuguvugu na mchemko, ambapo uji unakuwa mtamu wenyewe bila kijiko cha sukari. Nilionjeshwa mara mbili kutoka sufuria ile ile. Mara ya kwanza ulikuwa unga na maji. Mara ya pili, baada ya kukorogwa kwa utulivu, ulikuwa na utamu wa nafaka, mpole, unaokaa nyuma ya ulimi. Mpishi anayewasha moto mkubwa ili amalize mapema anaruka kipindi hicho bila kujua amepoteza nini. Kisha mso huachwa upoe kabisa, kwa kuwa uji wa moto ungeua hamira yote iliyomo kwenye nyalu, na kazi ya siku zote zile ingeishia hapo.

Kimebaki kitu kimoja, na ndicho kidogo kuliko vyote. Kando ya mito na mifereji ya Kilimanjaro huota mti uitwao msesewe, ambao wataalamu wa mimea huuita Rauvolfia caffra. Gome lake hukaushwa na kutwangwa. Ukiweka chembe ya unga huo ulimini, uchungu wake unafika kabla hujafunga mdomo, na unakaa. Ndani ya mbege, msesewe hufanya kazi ambayo hopsi hufanya ndani ya bia: unasimama mbele ya utamu na kuuzuia usichoshe. Bavaria waliweka amri mwaka 1516 kwamba bia itengenezwe kwa shayiri, hopsi na maji tu, na Wajerumani wanajivunia amri hiyo hadi leo. Mpika mbege hana amri iliyoandikwa. Ana kiganja. Na kiganja chake kinajua kwamba msesewe ukizidi kidogo tu, pombe nzima inakuwa dawa. Ukipungua, inakuwa kinywaji cha watoto.

Siku ya kuchanganya, mama wa Uru alitandika kitambaa safi juu ya beseni na kumimina nyalu kidogo kidogo. Aliikamua kwa kusokota kitambaa, mkono mmoja juu na mwingine chini, mpaka makapi yakabaki makavu kabisa. Makapi yakaenda kwa ng'ombe. Maji yaliyopatikana yalikuwa na rangi ya udongo mwekundu baada ya mvua, makali na yenye uchachu, bila mwili. Akatia mso, kata moja baada ya nyingine, akikoroga kwa mwiko kwa mwendo ule ule, wa kuzunguka na kuinua. Kila baada ya kata chache alisimama, akaonja, akatema, akanyamaza. Hakuwa anaonja ilivyo. Alikuwa anaonja itakavyokuwa kesho saa saba mchana, baada ya usiku mzima wa kuchachuka, na kupima ni utamu kiasi gani aachie hamira ili ibaki na cha kula hadi saa hiyo.

Alipofika kwenye msesewe alichota kwa ncha za vidole vitatu. Akaonja tena. Akaongeza kidogo.

"Kesho kuna wazee," alisema. "Wazee hawataki uji."

Katika maneno hayo machache kuna kitu ambacho kiwanda hakiwezi kukifanya hata kikiwa na mitambo gani. Yule mama alikuwa anaitengeneza pombe kwa ajili ya watu anaowajua, kwa ajili ya tukio analolijua. Ingekuwa ni ya kuuza Jumapili baada ya kanisa, kwa watu wa rika zote, angepunguza uchungu na kuzidisha mso. Ingekuwa ni ya waliolima tangu alfajiri, angeifanya nzito zaidi, kwa sababu kwao ni chakula pia. Ladha ya mbege haijawahi kuwa moja. Imekuwa ikihama kila wiki, kutoka nyumba hadi nyumba, ikifuata nani anakuja na kwa nini.

Na wanaokuja huja na mambo mazito. Mbege hupelekwa kwenye posa. Hutolewa kwenye arusi na kwenye msiba. Watu waliogombana wakipatanishwa, jani la isale la kuomba radhi likishatolewa na samahani ikishapokelewa, pombe hunywewa pamoja ili kila mtu aone kwamba neno limekwisha. Mwenyeji huonja kwanza mbele ya wageni, kuonyesha kwamba kilichomo hakina ubaya, halafu kata huenda kwa wakubwa na kushuka. Mwanahistoria Justin Willis, katika kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu vileo Afrika Mashariki, ameonyesha jinsi unywaji wa zamani ulivyofungamana na mamlaka ya wazee wanaume. Ni kweli, na si kila mtu alifaidika na mpango huo. Leo kata inazunguka kwa uhuru zaidi, wanawake na vijana wanakaa benchi moja na wazee, na wengi wa wapishi ni wanawake wanaosomesha watoto kwa pipa hilo. Mabadiliko hayo nayo yamefika kwenye ladha, kwa kuwa kila anayekaribishwa huja na ulimi wake.

Bia ya chupa ilileta badiliko jingine. Kenya Breweries ilianza mwaka 1922, Tanganyika Breweries mwaka 1933, na kinywaji kilichokuwa cha Wazungu kwanza kikaja kuwa alama ya mtu aliyefanikiwa. Sitaki kuidharau. Kutengeneza mamilioni ya chupa zenye ladha ile ile, Mwanza sawa na Mtwara, Januari sawa na Julai, ni ustadi mkubwa. Lakini ustadi huo ulitufundisha jambo ambalo hatukuligundua: tulizoea kudhani kwamba kinywaji kizuri ni kile kisichobadilika. Kwa kipimo hicho mbege ilionekana ina kasoro, wakati kubadilika ndiko kunakoipa kazi yake yote.

Mbege yenyewe pia imebadilika. Mapipa ya plastiki yamechukua nafasi ya vyungu. Ulezi, ambao zamani ulilimwa kwa maji ya mifongo, sasa mara nyingi hununuliwa sokoni, na bei yake humuumiza mpishi. Baadhi wanapunguza kimea na kujaza unga mwingine wa bei nafuu. Baadhi wanatia sukari ya dukani ili ukali upande haraka bila kusubiri ndizi iive vizuri. Baadhi wanauruka msesewe, kwa maelezo kwamba vijana hawapendi uchungu. Hizo si tabia za watu wabaya. Mkungu una bei, kuni zina bei, siku tano za mtu zina bei, na mnywaji anataka kulipa kile kile alicholipa mwaka juzi.

Lakini tofauti inaonekana kinywani. Mbege ya sukari huja na utamu wa mbele, kisha ukali, kisha hakuna kitu. Mbege iliyopikwa kwa njia yake huingia na tunda, ikafuata nafaka, ukaja uchachu unaoamsha mashavu, na msesewe ukafunga mlango polepole. Mtu akishapita hatua zote nne mara moja, ulimi wake hausahau.

Watu wa nchi nyingine wamepita njia hii kabla yetu. Katika bonde la mto Zenne, karibu na Brussels huko Ubelgiji, hutengenezwa bia chachu iitwayo lambic. Maji ya nafaka humwagwa usiku kwenye chombo kipana kilicho wazi, hamira ya mwituni ikaingia yenyewe, kisha pombe ikalala ndani ya mapipa ya mwaloni. Mchanganyaji huchukua ya mwaka mmoja, ya miaka miwili na ya miaka mitatu, akazikutanisha zikawa gueuze, kali na kavu. Katika karne ya 20 ladha za watu zilielekea kwenye utamu. Viwanda vingi vikafunga, na vingine vikatia sukari ili kuuza. Wachache walikataa. Cantillon ya Brussels, iliyoanza mwaka 1900, iliendelea na gueuze isiyotiwa utamu, na mwaka 1978 ikafungua milango yake kama makumbusho ili watu waje waone kazi yenyewe. Mwaka 1997 watengenezaji wa lambic waliunda umoja wao, HORAL, kulinda utamaduni huo. Leo wapenzi wa bia kutoka Marekani hadi Japani wanasafiri kuionja. Watengenezaji wa lambic wanacheza na miaka. Wapika mbege wanacheza na saa. Ujuzi wa msingi ni ule ule: kukubali kwamba kinywaji kina uhai wake, na kujua wakati wa kuuingilia na wakati wa kuuacha.

Kwa hiyo sina hofu na ladha kubadilika. Kijana akitaka mbege nyepesi, yenye tunda zaidi na uchungu kidogo, mpishi hodari anaweza kumpa: atapunguza mso, ataitoa mapema, atashika vidole viwili vya msesewe badala ya vitatu. Ufundi huo una nafasi ya kutosha kuwahudumia waliozoea saida. Ninachohofia ni mpishi kupoteza nguvu ya kuamua, kwa sababu ndizi aliyoinunua haikuiva, ulezi aliupunguza, na kipindi cha uji kuwa mtamu alikiruka akikimbilia soko. Hapo ladha inakuwa imeamuliwa na bei, wala si na mikono yake.

Wahenga wa pwani walisema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Wamesema kweli kuhusu sifa ya jumla, ile ya kupigiana makofi, inayomfanya mtu aamini kwamba jina lake linatosha. Dawa yake ni sifa inayotaja kitu chenyewe. Ukimwambia mpishi kwamba pombe yake ni nzuri, hujamwambia lolote analoweza kulifanyia kazi. Ukimwambia kwamba kimea chake cha wiki hii kilioteshwa vizuri zaidi kuliko cha wiki iliyopita, kwamba ndizi zilichemka hadi rangi ikakolea, kwamba msesewe umekaa mahali pake, amejua kwamba kuna mtu anayeangalia. Mtu anayeangaliwa kwa macho yanayojua hatii maji.

Kila Desemba magari hupanda Kilimanjaro yakiwa yamejaa watu wanaorudi nyumbani kula Krismasi, na katika siku hizo mapipa hayapati nafasi ya kukauka. Huo ni wakati mzuri wa kuanza. Muulize mama anayekupakulia imechanganywa lini. Muulize ulezi ni wa kuotesha mwenyewe au ni unga wa dukani. Muulize ndizi zimechemka kwa muda gani, na kama kuna sukari iliyotiwa. Anayejua kazi yake atafurahi kuulizwa, na majibu yake yatakufundisha zaidi ya makala hii. Kisha, ukikuta mbege iliyopitia njia yake yote, mlipe zaidi ya unavyomlipa aliyefupisha, na umwambie kwa nini umemlipa hivyo. Mpishi anayejua kwamba mnywaji wake anaitambua tofauti, na yuko tayari kuigharimia, ana kila sababu ya kuzingoja ndizi ziive.